Rado Haifunguliwi, Inavutwa

Aline na Divine, mnaobaki na kazi yangu, mliniambia kwamba mtu wa umri wangu hastaafu, anaacha kazi tu. Iteni mnavyotaka. Jirani yangu hapa Ngagara, Bujumbura, alipomaliza miaka yake ya posta walimpa saa ya ukutani na chupa ya soda. Mimi nilipewa kitambaa cha kubebea mtoto na maneno ya patroni, bosi wetu: "Ukichoka kukaa nyumbani, mulango unaujua." Kwa hiyo nimestaafu. Mtoto yuko mgongoni, hasira iko kifuani, na kabla haijapoa nataka niwaandikie mambo ya kazi hii, kwa sababu patroni hatawaambia, na Da Zaituni anajua kufanya kuliko kueleza.

Mshahara sitauzungumzia. Ulikuwa mfupi na hadithi yake ni fupi. Wala sitasema nani alipanda cheo. Atelye yetu, yaani karakana, ina cheo kimoja, cha patroni, na kimeshakaliwa.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vya visigino. Nilikuwa nimemaliza sekondari, Kifaransa nakisoma vizuri, nikaambiwa kuna atelye karibu na bandari inatafuta mtu wa kusoma vitabu vya kiwanda. Nikawaza ofisi, meza, labda feni. Nikakuta ukumbi wa mabati, harufu ya gundi inayochoma macho, na mwanamke mnene amelala kifudifudi sakafuni, sikio limegusa mpira mkubwa wa rangi ya machungwa, kama mkunga anayesikiliza tumbo.

"Vua viatu," akasema bila kunitazama. "Na pete. Na zile pini za nywele."

"Mimi nimekuja kwa mambo ya vitabu."

"Kitabu itakungoja. Lala hapa, sikiliza."

Nikalala na sketi yangu ya kwenda kazini. Nikasikiliza mpaka shingo ikauma. Nikamwambia sisikii kitu.

"Basi iko nzima," akasema. "Siku utasikia kitu, ndio kazi inaanza."

Huyo ndiye Da Zaituni. Ni mtoto wa mtaa wa Buyenzi, na kabla ya hapo alikuwa anashona bashi za malori, yale maturubai mazito ya kufunika mizigo. Patroni alimchukua kwa sababu ya mikono yake. Kinywa alikuja nacho bure. Kila siku alikuwa na ugonjwa mpya: leo figo, kesho sikio, keshokutwa upepo ndani ya goti. Sijawahi kumuona amekosa kuja kazini.

Kwa wale watakaosoma hii na hawajaingia atelye, nieleze. Kwenye vitabu vya Kiswahili kinaitwa chelezo cha kuokolea. Ziwani kwetu kila mtu anasema rado, nami nasema rado. Ni mashua ya mpira iliyokunjwa ndani ya pipa jeupe lililofungwa kabisa, lina umbo la yai kubwa. Pipa linakaa juu ya paa la boti, limeshikwa kwa mikanda. Ndani, pamoja na mpira, kuna chupa ya gesi. Na kutoka ndani ya pipa kunatokea kamba moja. Hiyo kamba ndiyo kila kitu. Ncha yake ya nje inafungwa kwenye boti na inabaki imefungwa. Ukipata shida unafungua mikanda, unatupa pipa majini, halafu unavuta kamba. Inatoka, inatoka, ni ndefu kuliko unavyodhani. Ikifika mwisho unaivuta kwa nguvu mara moja, chupa inapasua mdomo wake, gesi inaingia, pipa linavunjika vipande viwili na rado inasimama juu ya maji na hema lake. Baada ya hapo watu wakishapanda, unakata kamba kwa kisu kilicho ndani ya rado. Kisu chenyewe hakina ncha kali, kimefanywa butu makusudi, kwa sababu mtu mwenye hofu na kisu chenye ncha ndani ya mpira ni ajali ya pili.

Kazi yetu ni kufungua hayo mapipa polepole, mahali pakavu, na kuona kama siku ya shida yataitikia. Unajaza rado hewa, unaiacha ilale hivyo mpaka kesho. Asubuhi unapima presha kwa manometa. Kama imelegea unachukua brashi na maji ya sabuni unapaka kila mshono, na pale panapotoa mapovu unaweka alama kwa chaki. Chupa ya gesi unaiweka kwenye mizani, usiiamini kwa macho. Chupa tupu na chupa iliyojaa zina sura moja kama mapacha. Kiraka kinasuguliwa kwanza kwa msasa, kisha gundi, kisha unangoja. Da Zaituni alikuwa anasema gundi ni kama mkwe, ukiiharakisha haishiki. Kisha unga wa talki, kisha kukunja. Kukunja ndiko kugumu. Ukikunja pembe moja vibaya, siku ya shida hiyo pembe inabaki imejikunja, rado inafunguka nusu kama mtu aliyeamshwa vibaya.

Miezi ya mwanzo nilikuwa nakunja, Da Zaituni anakuja, anaikunjua yote. Nilikuwa namchukia. Siku moja nikamuuliza ameona kosa gani kwenye mkunjo wangu.

"Apana kosa. Nilitaka kuona kama utakasirika."

"Nimekasirika."

"Vizuri. Sasa kunja na hiyo hasira, itakaza."

Mtaona mengi kwenye mapipa. Niliwahi kupokea moja, muhuri mzima, uzito sawasawa, kamba inaning'inia vizuri. Tukafungua. Ndani kulikuwa na godoro la sifongo na matofali mawili. Mpira wenyewe ulikuwa umeshauzwa, nadhani uko kwenye ua wa mtu huko juu Kiriri, watoto wake wanaogelea ndani. Mwenye boti, mzee tunayemwita Tonton, alikuja, akatazama godoro, akajikuna kichwa.

"Lakini godoro pia inaelea," akasema.

"Na matofali, Tonton?"

"Matofali ni ya uzito."

Kingine: rado iliyofungwa kwa mnyororo na kufuli. Nikamuuliza mwenye boti ufunguo uko wapi. Uko nyumbani, Kibenga, kwa mke wake. Nikamwambia siku boti yako inazama utampigia simu mkeo aje na ufunguo. Akanitazama kama vile mimi ndiye mjinga. "Mama, wezi wanakuja kila siku. Ajali inakuja mara moja." Hesabu yake ilikuwa sawa, ndiyo maana ilinitia hofu.

Biskuti za ndani ya rado zinaliwa. Msishangae, badilisheni tu. Maji pia hunywewa. Fataki za moshi wanazitumia kwenye harusi. Chochote kikikosekana ndani ya pipa, kwanza tafuteni sherehe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika.

Mapipa yanatoka kiwandani na maneno ya Kifaransa na michoro midogo. Wakubwa wa bandari wakasema, na kwa hilo walisema kweli, kwamba mabaharia wetu wengi hawasomi Kifaransa, yaandikwe kwa Kiswahili. Patroni akachukua mchoraji wa vibao vya maduka, mtu hodari, herufi zake zina kivuli na pembe za dhahabu kama saluni. Akamwambia andika "ouvrir" kwa Kiswahili. Mchoraji akaandika kwa rangi nyekundu, ubavu mzima wa pipa: WAKATI WA HATARI FUNGUA.

Semeni lile neno kwa sauti, mliko hapo. Unafungua soda. Unafungua mlango. Unafungua duka asubuhi, unafungua saumu jioni. Lakini pia unafungua mbuzi. Unafungua fundo. Mfaransa ana maneno mawili, moja la mlango na moja la fundo, pale ambapo sisi tuna moja, na rado ni kitu ambacho ili kifunguke, kamba yake lazima isifunguliwe.

Nililiona hilo kwa bahati. Baharia mmoja alikuja kuchukua rado ya patroni wake, akasoma ubavu, akashika ncha ya kamba akauliza, "Kumbe ninafungua hii?" Nikampeleka mpaka kwa patroni, nikamwambia arudie swali lake. Akarudia.

Patroni akacheka. "Kila mutu anajua kufungua."

"Ndiyo shida yenyewe, Patroni."

"We uko na mimba, unawaza sana. Tutaona."

Tutaona. Hilo neno wekeni akilini. Mimba ilikuwa kubwa kweli, nikaenda konji, likizo ya uzazi, nikajifungua, tukamwita Idi. Mapipa yakaendelea kutoka na dhahabu yake.

Idi alipopata nguvu kidogo tukampeleka Rumonge kwa mama wa mume wangu, amuone mjukuu. Mabukwe, ndivyo ninavyomwita, ni mwanamke mkubwa, wa mwili na wa maneno. Kazi yangu alikuwa anaiita kupuliza mipira. "Mwanangu ameoa mutu wa kupuliza mipira," anawaambia wageni wakiwa wanakunywa chai yangu. Wakati wa kurudi Bujumbura mabasi hayakuwepo, mafuta yalikuwa yamekauka mji mzima, kila kituo kina foleni ya magari matupu. Mabukwe akasema atanisindikiza na mtoto kwa boti. Nikakubali. Boti iliitwa Tuzoshika, kwa Kirundi maana yake tutafika. Haikusema wapi.

Ilikuwa boti ya mbao yenye paa na moteri mbili nyuma, watu wamekaa kwenye mabenchi, katikati madumu ya mawese. Nilipopanda nikatazama juu ya paa kama ninyi mtakavyofanya maisha yenu yote. Rado ilikuwepo. Nilijua hata namba yake, niliikunja mwenyewe kabla ya konji. Nikaona ncha ya kamba imefungwa vizuri kwenye mti wa paa. Nikakaa nikanyonyesha.

Upepo wa kusini ulianza tukiwa mbali na nchi kavu, milima tunaiona ya buluu tu. Mawimbi yakaja kwa nyuma, yakawa yanapiga pale moteri zinaposhikiliwa. Sikusikia ubao ukipasuka. Niliona maji yanapita chini ya benchi, mekundu, nikadhani ni damu. Ni mawese, dumu lilikuwa limepasuka. Ndani ya muda mfupi sakafu yote ilikuwa mafuta na maji, hakuna anayeweza kusimama. Moteri moja ikakohoa ikafa. Ya pili ikafuata.

Kapiteni akampigia kelele baharia wake, kijana mwenye mabega, jina lake Bosco.

"Bosco, fungua rado."

Bosco akapanda paani. Namsifu kwa hilo, paa lilikuwa linacheza kama kitanda cha kamba. Akafungua mikanda. Kisha, mbele ya macho yangu, akapiga goti na kufungua fundo la kamba, kwa utaratibu kabisa, kwa meno na vidole, akaikusanya vizuri juu ya pipa, akasukuma vyote majini.

Pipa likaanguka, likazama kidogo, likarudi juu. Likakaa jeupe, limefungwa, na maneno yake mekundu yakitutazama. Wimbi likalichukua.

"Mbona haifunguki?" kapiteni akauliza.

"Nimefungua," Bosco akasema. "Nimefungua yote."

Sijui nilimtukana maneno gani. Mabukwe anayajua na hadi leo ananirudishia. Nilimwambia kwa ufupi kwamba amefungua kamba, hakufungua rado, na kwamba kama ile ncha ikipotea sote tumekwisha, mtoto wangu kwanza. Alinitazama akiwa na uso wa mtu aliyetii amri. Ndicho kilichoniumiza. Alitii. Alisoma na akatii.

Ncha ya kamba ilikuwa imeteleza, inaelea kama nyoka upande wa pipa. Bosco akaruka. Boti ikazidi kulala upande mmoja, watu wanapanda juu ya wanaopanda, na yeye anaogelea nyuma ya yai. Nilimpa Mabukwe mtoto. Akamfunga kifuani kwa nguo yake, akakaza na pini yake kubwa ya begani, bila kuuliza kitu. Bosco alifikia kamba, akaishika kwa meno, akarudi. Kapiteni akamvuta nguo, nikaipokea ncha nikaanza kuifunga kwenye mti wa paa.

Mkono ukanishika. Alikuwa mfanyabiashara, mwenye yale madumu, mtu mzima wa heshima zake.

"We mama unafanya nini? Unatufunga kwa boti inayokufa?"

"Bila kufunga haivutiki."

"Ikizama itatuzamisha na rado yote. Wacha kamba iende huru."

"Ikienda huru itakwenda peke yake."

"Nani amekwambia?"

Na watu wakamsikiliza yeye. Lazima mjue hilo: watu watamsikiliza yeye. Linaingia akilini. Nani anafunga uzima wake kwenye kitu kinachozama? Mwingine akaanza kufungua fundo langu. Mimi nina vidole vyenye mawese, fundo linateleza, mtoto wangu yuko kifuani mwa mwanamke ambaye hajui kuogelea.

Ndipo Mabukwe akajisogeza kwenye benchi, akakaa juu ya mkono wa yule mfanyabiashara. Akakaa kweli, na uzito wake wote.

"Huyu ni mukwe wangu," akamwambia. "Hii mipira anapuliza yeye. We unauza mawese. Tulia."

Nikakaza fundo. Bosco na kapiteni wakavuta. Kamba ikaja. Ikaja na ikaja, inarundikana miguuni, pipa linabaki pale pale halionyeshi dalili yoyote.

"Imekatika," mtu akasema.

"Vuta."

"Mama, haina mwisho hii."

"Iko na mwisho. Nimeikunja mimi. Vuta."

Ikakaza. Nikasema sasa, pamoja, kama mnang'oa mhogo. Wakarudi nyuma wakaanguka wote wawili kwenye mawese, na pipa likapasuka kwa mlio kama tairi ya lori. Lile yai likafunguka, ule mpira wa machungwa ukatoka, hema likasimama. Hakuna aliyeshangilia. Watu walikuwa wameduwaa kama wameona kuku amesema.

Tuliivuta karibu. Wenye watoto kwanza, halafu wazee. Mabukwe aliingia kama gunia, Idi katikati. Haikutosha watu wote, rado hizi zetu huwa ndogo kuliko boti, hilo ni jambo lingine la kugombana na patroni. Waliobaki walivaa jile, yale makoti ya kuelea, wakashika kamba ya pembeni kwa nje, tukawa tunabadilishana. Nikakata ile kamba kwa kisu butu wakati paa limefika kwenye maji. Boti ilizama kimya, ikaacha juu ya maji doa jekundu la mawese pana kama uwanja wa mpira, na hilo doa, Mungu ana njia zake, lilituliza mawimbi kidogo.

Halafu nikasikia. Sssss. Ndogo, kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Mara ya kwanza tangu nianze kazi kuisikia sauti hiyo nikiwa nimekaa juu yake. Nikalala kifudifudi kati ya miguu ya watu, nikaweka sikio, nikaufuata mshono hadi nilipofika chini ya Mabukwe. Pini yake ilikuwa imefunguka.

"Mama, inuka kidogo."

"Nimefanya nini tena?"

"Umetoboa."

Akafikiri. "Basi puliza," akasema.

Tukapuliza. Kuna pampu ya mkono ndani ya mfuko, na yule mfanyabiashara akaichukua bila kuombwa, akapiga pampu ile mpaka wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, walipoona moshi wa fataki yetu. Zilikuwa zimebaki, kwa bahati hakukuwa na harusi Rumonge. Wavuvi walikuja na boti yao, wakatupandisha mmoja mmoja. Kapiteni alituhesabu, akahesabu tena, akahesabu mara ya tatu kwa kugusa kila kichwa. Tulikuwa wote. Idi alikuwa amelala. Mdomo wazi, mawese kwenye sikio, amelala. Nilimchukua nikakaa chini kwenye nyavu nikaanza kumfuta mawese sikioni. Mabukwe alikuwa anasema Alhamdulillahi, Alhamdulillahi, taratibu, kama mtu anayekunja nguo.

Nafuu hiyo bado ninayo. Naamka nayo asubuhi, mtoto akinivuta nywele. Ila hasira nayo haikwenda.

Nilipofika atelye wiki iliyofuata, patroni alinipokea kwa mikono miwili.

"Umeona? Rado yetu imefanya kazi. Ni sifa."

"Imefanya kazi baada ya baharia kuogelea nyuma yake, Patroni."

"Lakini imefunguka."

"Usiniambie hilo neno."

Nikampa Da Zaituni mtoto, nikachukua tina ya kuondolea rangi na msasa, nikaanza na pipa la kwanza nililoliona. Patroni akasema herufi hizo amezilipia. Nikaendelea. Akasema nitaharibu rangi. Da Zaituni, Idi begani, akamwambia: "Patroni, wacha. Goti yangu imeniambia anamaliza leo." Sikumaliza siku hiyo, ilichukua siku nyingi, na mapipa mengine tulilazimika kuyafuata bandarini, kwenye boti. Tukaandika kwa brashi ya kawaida, herufi zangu zimepinda: KAMBA IBAKI IMEFUNGWA. TUPA. VUTA MPAKA MWISHO. VUTA KWA NGUVU. Mchoraji wa vibao alipita akatazama, akasikitika. "Dada, umeandika kama daktari." Nikamwambia ndiyo hivyo.

Mnaniuliza kwa nini basi naondoka, wakati nimeshinda. Wengine wanasema nimeogopa. Nimeogopa, ndiyo. Mikono yangu inatetemeka nikikunja, na rado haitaki mikono inayotetemeka. Halafu gundi na mtoto anayenyonya haviendi pamoja, Da Zaituni aliniambia hilo siku nyingi, katikati ya habari za figo yake. Sina aibu nalo.

Siku yangu ya mwisho mlikuwepo, lakini mlikuwa na shughuli, huenda hamkuona nilichokiona mimi. Patroni, kwa kweli kwa hilo namshukuru, alikubali kuharibu chupa moja ya gesi kwa ajili ya mafunzo. Mabaharia walikuja ufukweni, wengine wakicheka, wengine na chapati mkononi. Nikaomba Bosco ndiye afanye. Hakutaka. Wenzake walikuwa wanamwita Bosco Fungua, jina limeshamganda. Alishika ncha ya kamba akaangalia ubavu wa pipa, akaniangalia.

"Mama Idi, na kama kapiteni atapiga kelele, fungua?"

"Utafanya nini?"

"Nitafunga."

"Na akikasirika?"

"Atakasirika akiwa muzima."

Hapo waliacha kucheka. Akafunga, akatupa, akavuta mpaka mwisho, rado ikasimama kwenye maji ya kina kifupi, hema na kila kitu. Mabaharia wakaingia wakaigusagusa, wakakaa ndani, mmoja akalala. Walimaliza wakaenda.

Rado iliyosimama lazima ikunjwe tena, na patroni alinitazama mimi kwa mazoea. Nikakaa kwenye ukingo wa mashua iliyopinduliwa nikaanza kumnyonyesha Idi. Wewe, Aline, ndiye uliyepiga magoti. Ulipangusa, ukapaka talki, ukaanza kukunja. Pembe ya kushoto ulikosea. Niliiona kutoka nilipokuwa nimekaa, na ulimi wangu ulikuwa tayari. Da Zaituni pia aliiona. Alinigusa goti nisiseme. Ulifika karibu na mwisho, ukasimama. Ukaweka kiganja juu ya ile pembe, ukaibonyeza, ukakunja uso. Hakuna aliyekuwa amekwambia kitu. Ukaikunjua yote, ukaanza upya.

Nikamweka mtoto mgongoni, nikawaaga kwa mkono tu, nikaenda nyumbani.